Kuingia Bure, Kufika Ndiyo Pesa

Kila nikiweka klipu ya London, kuna mtu hapo chini lazima aulize: "Na British Museum je? Si ulienda?" Nilienda. Nilikaa humo ndani karibu saa sita. Nina video kama arobaini kwenye simu na sijaposti hata moja, na sasa ni zaidi ya mwaka. Wengine mnasema ninasubiri vyuuzi zipande. Mmoja ameandika eti nilifukuzwa mlangoni. Basi leo niandike tu, kwa sababu hii stori kwenye video ya sekunde sitini haitoshei.

Kwa wageni wa hapa: mimi ni mtoto wa Salama. Ile Salama ya Mombasa Road, ambayo wewe huijua kwa dirisha la basi. Unaona malori yamepanga foleni, akina mama wanakimbilia gari na machungwa, halafu kona, halafu umeshapita. Jina ni Salama na hiyo barabara imeua watu wengi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Tumezoea kupitwa. Ukikulia hapo unajua dunia nzima inaenda mahali, na inapita mbele ya duka lenu ikienda.

Mwaka 2024 nilikuwa bado chuo, mwaka wa pili. Kulikuwa na shindano la video fupi la wanafunzi, nikatuma, nikasahau, nikashinda. Zawadi ilikuwa siku tano London mwezi wa Novemba. Tulikuwa wanne kutoka Kenya. Tiketi ya ndege walilipa, chakula walilipa, mahali pa kulala walilipa. Viza tukaambiwa tujilipie kwanza, tutarudishiwa. Pauni 115. Kwa pesa yetu wakati huo ilikuwa kama elfu kumi na tisa, na hapo sijahesabu nauli ya kwenda Nairobi mara tatu, picha, na karatasi za benki za kuthibitisha kwamba nina sababu ya kurudi nyumbani. Hiyo ya mwisho ilinichekesha. Ushahidi wangu mkubwa wa kurudi ulikuwa barua ya chuo ikisema mimi ni mwanafunzi. Chuo chenyewe nilikiacha mwaka uliofuata, karo ilipogoma. Huko kwetu kuna watu wanasema London ndiyo iliniharibu. Waacheni waseme. Kati ya London na karo, London haijawahi kunitumia ujumbe saa nane ya usiku kunikumbusha deni.

Pesa ya viza ilichangwa na watu. Susu yangu, yaani nyanya yangu, aliuza mbuzi mmoja.

Hapa lazima nimwelezee Susu kidogo. Mimi ndiye kifungua mimba wa baba yangu, kwa hivyo kwa desturi yetu Wakamba nilipewa jina la babu. Ndiyo maana Susu huniita "mume wangu." Si utani wa mara moja, ndivyo ananiita. "Mume wangu umekula?" "Mume wangu, niletee paka hapa." Marafiki zangu wa Nairobi wakiskia hucheka sana, lakini mtu wa Ukambani anajua. Ukiwa na jina la mtu, umebeba na mambo yake.

Usiku wa kuamkia safari tulikaa jikoni kwake. Nikawa namwonyesha kwenye simu mahali tutaenda: daraja, saa kubwa, ile gurudumu la kupanda, makumbusho. Nikamwambia hayo makumbusho yana vitu vya dunia nzima, kila kabila, hata vyetu. Akanyamaza. Halafu akasema, kama mtu anayenituma sukari dukani: "Basi ukifika hapo, niangalizie kiti cha umau wako."

Umau ni babu.

Kiti chenyewe sijawahi kukiona. Kilikuwa kigoda cha mzee, cha mbao moja, miguu mitatu, na juu pale pa kukalia kimepigiliwa waya mwembamba uliozungushwa mpaka ukatengeneza michoro. Ni viti vya wazee vya Kikamba vya zamani, si kila mtu alikuwa navyo, na mtoto hakukalia. Babu alikipata kwa baba yake. Halafu ikaja 1984.

Kama una mzee wa Ukambani nyumbani, muulize njaa ya 1984 iliitwaje. Atakwambia Nikw'a Ngwete. Maana yake ni kama "nakufa nikiwa nayo mkononi," yaani pesa. Mvua zilikataa, mahindi hayakuwepo, na hata ukiwa na shilingi hupati pa kununua. Serikali ililazimika kuleta mahindi ya manjano kutoka nje, na mpaka leo wazee wengine wakiona ugali wa manjano wanasogeza sahani. Katika hiyo njaa akaja dalali. Hakuwa mzungu, na hii naisema wazi kwa sababu najua mtaenda wapi kwenye koments. Alikuwa Mkamba kama sisi, ana pikapu, anazunguka boma kwa boma akiuliza vitu vya zamani: viti, vibuyu, vyombo vya tumbaku. Alikuwa na mnunuzi Nairobi. Kwa kiti cha babu alitoa shilingi mia mbili. Baba yangu alikuwa na miaka sita na alikuwa amelala njaa. Babu akauza. Susu anasema pesa hizo zilikaa kwa mfuko wiki mbili kabla wapate kitu cha kununua.

Ndiyo hicho nilitumwa. Mtu aulize dunia ina viti vingapi na makumbusho ni ngapi. Nilitaka kumweleza Susu hesabu hiyo, nikaona haina maana. Nikamwambia, "Sawa Susu, nitaangalia."

*

London yenyewe nitaipitia haraka, mmeona klipu. Baridi inaingia hadi kwenye meno. Saa kumi na nusu jioni giza limeshaingia, unadhani umelala ukaamka kesho. Kitu kilichonishangaza ni kwamba wanaendesha upande wa kushoto kama sisi. Sijui kwa nini hilo lilinishangaza, maana wao ndio walituletea. Unakuja umejiandaa kwa mambo mapya halafu unakuta soketi za ukutani ni zilezile za kwetu nyumbani, matundu matatu.

Siku ya makumbusho ilikuwa Alhamisi. Kutoka Russell Square, hiyo ya treni ya chini kwa chini, ni kutembea tu kidogo. Ukifika unakaguliwa begi, unaingia, basi. Hakuna tiketi. Nilikuwa nimeweka pauni kumi mfukoni nikijua lazima kuna mtu atazitaka, hakuna aliyezitaka. Kuna sanduku la michango tu, na mimi nikajifanya sijaliona.

Hii ya bure ilinikaa kichwani siku nzima. British Museum imekuwa wazi kwa umma tangu 1759 na kiingilio ni bure, na watu wake huisema kwa fahari: ni ya dunia yote, ni ya kila mtu. Nikawa napiga hesabu. Kuingia bure. Kufika mlangoni: pauni 115 za kuomba ruhusa, ndege, mbuzi mmoja wa Susu. Mtoto wa London anayeishi mitaa miwili kutoka hapo anaweza kuja kila Jumamosi kujikinga mvua. Na bado hao wana nafuu, maana mwaka huu wa 2026 Louvre ya Paris imepandisha tiketi kwa watu wasiotoka Ulaya, kutoka euro 22 hadi 32. Kwa hivyo kijana wa Ufaransa wa umri wangu anaingia bila kulipa kitu, na mimi nilipe 32, pengine nikaangalie kitu kilichotoka huku kwetu. Sina la kuongeza hapo.

Ndani, kusema ukweli, nilipigwa butwaa. Sitaki kujifanya mgumu. Kuna ukumbi mkubwa katikati, umefunikwa paa la vioo vya pembetatu, mwanga unashuka kama umetengenezwa. Nikazunguka nikiwa nimefungua mdomo. Jiwe la Rosetta lilikuwa limezungukwa na watu kama basi la Krismasi pale Machakos Airport, simu juu, hakuna anayesoma. Nami nikainua simu. Nina video ya kisogo cha mjapani mmoja, sekunde ishirini na mbili.

Lakini walionigusa zaidi ni watoto. Kulikuwa na darasa zima, wa miaka saba au minane hivi, wamevaa vile vizibao vya kumulika, wamelala kifudifudi sakafuni na penseli. Wanachora. Kila mmoja ana karatasi, anachora mungu wa Misri, hakuna anayewaharakisha. Mwalimu amekaa pembeni. Nilisimama hapo muda mrefu kuliko nilivyosimama mbele ya kitu chochote siku hiyo. Nikakumbuka sisi darasa la sita, tulivyopelekwa Nairobi safari ya shule. Makumbusho tulipita mbio kwa mstari, mikono kwenye mabega ya aliye mbele, kwa sababu basi lilikuwa bado lifike Uwanja wa Ndege tuone ndege zikiruka. Namkumbuka tembo wa nje na mwalimu akisema "msiguse." Tulikuwa na makumbusho yetu, saa moja na nusu kutoka nyumbani kama malori hayajalala njiani, na hakuna aliyewahi kutuambia tulale chini tuchore.

Afrika iko chini. Simaanishi kimafumbo. Unashuka ngazi, iko chini ya ule ukumbi. Misri iko juu na ina vyumba vyake, kana kwamba Misri ilihama bara. Nilimuuliza mwenzangu mmoja wa safari kama hilo halimkeri, akasema nisianze siasa, tupige picha.

Nikashuka peke yangu.

Cha kwanza kunisimamisha ni vile vibao vya shaba vya Benin, vimening'inizwa kwenye vyuma virefu kama nguo zilizoanikwa. Waingereza walivibeba mwaka 1897 walipovamia mji wa Benin, hata wenyewe hawafichi, imeandikwa. Ni vizuri mno. Nilikuwa nimejiandaa kukasirika na nikajikuta ninahesabu ndevu za mashujaa na mapambo ya shingo. Inawezekana kufanya yote mawili, nilijifunza hapo. Unakasirika huku unasogea karibu uone vizuri.

Halafu nikaona chungu cha Magdalene Odundo. Cheusi kinachong'aa, tumbo kama la mama mjamzito, shingo imeinama kidogo kama inasikiliza. Odundo alizaliwa Nairobi mwaka 1950 na anafanyia kazi yake Uingereza. Nilifurahi kama nimekutana na mtu wa nyumbani kwenye foleni ya ugenini. Na jina lake limeandikwa. Kumbukeni hilo jina, nitalirudia.

Na kiti nikakipata. Si cha babu. Ni kiti cha enzi kilichounganishwa kwa bunduki, kazi ya msanii wa Msumbiji anayeitwa Cristóvão Canhavato, wengi humwita Kester, aliyekitengeneza mwaka 2001. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe viliisha 1992, nchi ikabaki na silaha kila mahali, ukaanzishwa mradi wa watu kuleta bunduki wapewe vitu vya kazi kama majembe na cherehani. Bunduki zikakatwakatwa, wasanii wakapewa vipande. Ukikiangalia kwa mbali ni kiti tu. Ukisogea unaona mtutu, unaona kitako cha bunduki, na juu mgongoni matundu mawili na mstari kama uso unaotabasamu. Nikafikiria ningempigia Susu simu nimwambie nimepata kiti. Nikaacha, angeuliza nani atakalia hiyo.

Nilizunguka hicho chumba mara tatu. Kigoda cha miguu mitatu chenye waya hakikuwepo. Mlinzi wa humo, mzee mmoja wa Sierra Leone mwenye sweta chini ya koti, akaniona ninavyorudi rudi, akaniuliza ninatafuta nini. Nikamweleza yote, hata mbuzi. Hakucheka. Akaniambia, "Kijana, kinachoonyeshwa hapa ni kidogo sana. Vingine viko stoo." Na ni kweli, nimesoma baadaye: wana vitu kama milioni nane, na vinavyoonekana kwa wakati mmoja ni kama elfu themanini. Asilimia moja. Akaniambia nitafute kwenye tovuti yao, kila kitu wanakiandika. Halafu akaniuliza bei ya tiketi ya ndege kutoka Nairobi, na tukaongea juu ya wajukuu wake mpaka mwenzangu akaja kuniita.

Usiku huo kwenye kitanda cha juu, wenzangu wakiwa wametoka kutafuta vibanzi, nikaingia kwenye tovuti ya makumbusho nikaandika neno moja: Kamba.

Zikaja. Viti. Vyombo vya tumbaku. Vibuyu. Vitu vya shanga. Vingine vina picha, vingine vina namba tu. Na viti, wacha niseme, ni vizuri. Waya umezungushwa kwa subira ambayo mimi sina hata ya kusubiri video ipande. Nikafungua kimoja kimoja. Na hapo ndipo nilipoanza kuskia kitu kifuani.

Kwa sababu kila kitu kina maelezo, na maelezo yana mahali pa majina. Aliyekileta Uingereza yuko, jina la kwanza, la pili, na cheo. Aliyekitoa kwa makumbusho yuko. Mwaka upo. Lakini pale pa fundi, pa mtu aliyekaa chini akachonga, pameandikwa Kamba. Basi. Kana kwamba sisi sote, kutoka Mwingi hadi Kibwezi, tulikusanyika siku moja tukachonga kigoda kimoja kwa pamoja. Odundo ana jina, Kester ana jina, kwa sababu wao waliuza wakiwa hai na watu wanawajua. Huyu alikuwa na jina pia. Alikuwa na mke aliyemwambia chakula kimepoa. Hakuna aliyemuuliza anaitwa nani, kwa sababu aliyenunua hakuwa ananunua kazi ya mtu, alikuwa ananunua kabila.

Na hili si jambo la lazima kuwa hivyo. Tunamjua Mutisya Munge wa Wamunyu, ambaye wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alikuwa Tanganyika, akajifunza kuchonga kwa mafundi wa kule, akarudi nyumbani akawafundisha watu wake. Karibu kila twiga na kifaru wa mbao unaomwona akiuzwa kwa mtalii, kutoka Mombasa hadi maduka ya Nairobi, ana ukoo na yule mzee mmoja. Tunamjua kwa jina kwa sababu watu wake walikumbuka na kuna waliouliza wakaandika. Kuuliza jina ni bure, kuliko hata kuingia British Museum.

*

Sasa najua mjadala ulivyo, nimeuona hapa kila mara. Upande mmoja: "Zirudishwe zote kesho asubuhi!" Upande wa pili: "Ziacheni huko, huku zitauzwa, huko ziko salama."

Hao wa pili ndio wananikera zaidi. Eti salama. Mimi natoka Salama, jina si ulinzi. Agosti 2023 hiyo hiyo British Museum ilitangaza kwamba vitu vyake kama elfu mbili vimepotea, vimeibwa au kuharibiwa, na mkurugenzi wake Hartwig Fischer akajiuzulu. Vingine vilikuwa vikiuzwa mtandaoni. Kwa hivyo hii hadithi ya kwamba wizi unapatikana Afrika tu, tuiweke kando.

Lakini na wale wa kwanza, naomba tuongee kwa ukweli. Kiti cha babu hakuna askari aliyekuja kukichukua. Hakikuwa kama ngadji, ile ngoma kubwa ya Wapokomo wa Mto Tana, ambayo serikali ya kikoloni iliwanyang'anya mwanzoni mwa miaka ya 1900, ikaishia hapo hapo British Museum, na wazee wao wanaidai mpaka leo. Hiyo ni kesi nyepesi: ulichukua kwa nguvu, rudisha. Wao hujibu kwamba sheria yao ya 1963 inawakataza kutoa vitu hivyo. Sheria waliitunga wao, na wanaoweza kuibadilisha ni wao, lakini wanaisema kama mtu anayesema mvua inanyesha.

Kiti chetu kiliuzwa. Na muuzaji alikubali. Mikono yetu imo pia: dalali wetu, njaa yetu, bei tuliyokubali. Hata vile vigango vya Wamijikenda vilivyosambaa Marekani, kuna vingine viling'olewa usiku na vijana wa huko huko kijijini, wakauzia wafanyabiashara wa sanaa. Sasa mtu aliyeuza kwa shilingi mia mbili mwaka ambao pesa hailiwi, tunamwambia alikubali? Mimi sijui mahakama ya kusikiliza kesi hiyo. Ninachojua ni kwamba nikiambiwa "kilinunuliwa kihalali," nitauliza mwaka gani, na mvua ilikuwa imenyesha au la.

Kuna watu wa hapa nyumbani wamefanya kazi ngumu kwa hili. Makumbusho ya Taifa, pamoja na wasanii wa Nest Collective na wenzao wa Ujerumani, walianza 2018 kuhesabu vitu vya Kenya vilivyo nje. Walipata zaidi ya elfu thelathini na mbili katika taasisi thelathini hivi za Ulaya na Marekani. Mwaka 2021 wakafanya maonyesho Nairobi, wakaweka na makabati ya vioo matupu. Matupu kabisa. Nilikuwa kidato cha tatu na sikuenda, sikuwa hata nimeskia. Na mwaka 2006, kabla hapo, British Museum ilileta vitu vya Afrika Mashariki Nairobi, maonyesho yakaitwa Hazina, hapo mjini penye ofisi ya zamani ya mkuu wa mkoa. Watu wakaja wakaviona. Halafu vikapakiwa, vikarudi London, kwa sababu tuliazimwa. Fikiria mtu akuazime koti la babako.

Nina msimamo, kama mnataka msimamo. Vya kunyang'anywa virudi. Vya kununuliwa, kwanza tuulize majina. Na makumbusho yetu ya hapa tuyatembelee kabla hatujaanza kupiga kelele juu ya yao, mimi nikiwa wa kwanza kulaumiwa, kwa sababu nilifika London kabla sijarudi ya Nairobi tangu darasa la sita. Nimerudi sasa. Nilienda na daftari. Mlinzi akanikuta nimekaa sakafuni akadhani nimezirai.

*

Desemba nikashuka nyumbani. Susu alikuwa anasubiri, na hakuniuliza kuhusu daraja wala saa.

Nikampa simu. Nilikuwa nimehifadhi picha saba. Akavaa miwani, akashika simu kwa mikono miwili, mbali kidogo na uso, kama anavyoshika Biblia. Aliangalia ya kwanza muda mrefu, nikampitishia ya pili, ya tatu. Ya nne akasema "ngoja." Nikakuza picha. Akafuata waya na ukucha wa kidole, skrini ikawa inaruka ruka, nikairudisha.

"Si chenyewe," akasema. "Cha umau wako kilikuwa na mguu mmoja umepasuka. Tukaufunga na ukanda wa ngozi."

Nikamwambia pole. Akasema pole ya nini. Akaendelea kuangalia.

"Wanaukalia?"

"Hapana Susu. Hiki kimewekwa stoo."

"Tangu lini?"

Nikamsomea mwaka. Ulikuwa wa kabla hajazaliwa. Akatikisa kichwa taratibu, na nilidhani atasema jambo zito, nikawa hata ninafikiria niwashe rekoda. Akauliza, "Na wewe uliingia kwa pesa ngapi?"

"Bure."

"Na ile ya mbuzi?"

"Hiyo ilikuwa ya kuomba ruhusa ya kwenda."

Akanitazama juu ya miwani. Akacheka, kile kicheko chake cha mabega, mpaka chai ikamwagika kwenye leso. Mimi pia nikacheka, ingawa yule mbuzi nilikuwa nimemjua kwa jina.

Kesho yake akanituma madukani, pale barabarani, nimtolee ile picha ya nne kwenye karatasi. Ya rangi. Dada wa saiba akaitoa, akaishika akaigeuza kwenye mwanga, akaniuliza hicho kigoda ni cha kuuza, maana kuna mtu Emali huwa anatafuta vitu vya zamani. Nikamwambia hakiuzwi, kina mwenyewe. Akauliza ni nani. Lori likapita, likapiga honi ndefu, na hadi lilipokwisha kupita alikuwa anahudumia mteja mwingine.

Picha iko kwenye kabati la Susu, ndani ya kioo, kati ya vikombe vya wageni na picha ya babu. Video sitaposti.